Kabla ya kuhesabu ng'ombe wa Masisi, tuhesabu ardhi

Wananchi wenzetu wa Goma, wa Sake, wa Masisi,

Wenzetu wawili waliingia katika mkutano mmoja wa tabianchi, ndani ya hoteli ya hapa mjini. Maji ya chupa, kadi za majina shingoni, unajua namna yake. Mtaalamu akaeleza kwamba ng'ombe wa malisho wanachafua hewa, kwa hiyo wafugaji wa Masisi wapunguze mifugo. Watu wakaandika kwa madaftari yao. Hakuna aliyeuliza: wapunguze ng'ombe wa nani?

Sisi hatukatai sayansi. Wengi wetu tulisoma kilimo na mifugo, madiploma yako nyumbani, kazi hakuna. Tunajua ng'ombe akila majani, vijidudu vya tumboni vinayachachusha na kutoa gesi ya metani, na karibu yote inatokea mdomoni, si kule nyuma vile watu wanapenda kucheka. Ni gesi ileile iko chini ya ziwa Kivu, ile ambayo jirani zetu wa Rwanda wanaitoa umeme. Tofauti ni kwamba ya ziwa imefungiwa na maji mazito ya chini, lakini ya ng'ombe inapanda hewani kila siku. Kilo moja ya metani inapasha dunia joto karibu mara 28 kupita kilo moja ya hewa ya ukaa, ukipima kwa miaka 100. Shirika la FAO lilisema mwaka 2013 kwamba mifugo yote ya dunia inatoa asilimia 14,5 ya gesi joto zinazoletwa na binadamu. Ng'ombe ndiye wa kwanza ndani ya hesabu hiyo. Sawa, tunakubali.

Lakini tuendelee na hesabu, tusiishie pale inapompendeza mkubwa. Vipimo vya kawaida ambavyo wanasayansi wa IPCC walitoa mwaka 2006 vinasema hivi: ng'ombe wa maziwa wa Ulaya Magharibi anatoa kilo 117 za metani kwa mwaka, wa Afrika kilo 46. Kwa kichwa, wetu anachafua kidogo. Sasa angalia maziwa: yule wa Ulaya amehesabiwa kilo 6 000 kwa mwaka, wetu kilo 475. Gawanya mwenyewe. Kila litri ya maziwa yetu inabeba metani karibu mara tano.

Kwa nini? Si juu mfugaji wetu ni mjinga. Ng'ombe mgonjwa, mwenye kupe, anayekula majani makavu na kutembea mbali kutafuta maji, anacheua tu bila kutoa maziwa. Na hapa kwetu kuna jambo ambalo mtaalamu wa hoteli hakuligusa hata kidogo: vita. Ng'ombe anayekimbizwa toka kilima mpaka kilima, risasi nyuma yake, hakamuliwi. Anayeibiwa usiku anachinjwa kabla hajazaa hata mara moja. Metani ya miaka yote aliyokuwa anakua imeenda bure, hakuna mtoto aliyekunywa. Mfugaji analipa kwa kila kizuizi, pesa ya dawa inaishia kwa wenye silaha, daktari wa mifugo hafiki. Ukitaka metani ipungue Masisi, anza kwa usalama na sindano ya chanjo. Wale waliosoma kuchanja tupo, tunakaa barazani.

Sasa tufike kwenye ardhi, maana ndiyo kubwa kuliko mdomo wa ng'ombe. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo ni mali ya Leta peke yake. Ardhi za kimila zikaachwa zingojee ordonansi ya Rais, na kwa miaka makumi ordonansi hiyo haikuja. Novemba ya mwaka uleule ikaingia zairianisation, mashamba ya wageni yakagawiwa kwa watu waliokuwa karibu na utawala. Milima mingi ya Masisi ambayo ilikuwa msitu ikageuzwa malisho. Msitu ukikatwa na kuchomwa, kaboni iliyokaa ndani ya miti inaenda hewani. Majani ya malisho yanaweka kaboni kidogo udongoni, ndiyo, hasa yakichungwa vizuri, lakini hayatarudisha ile ya msitu.

Na mkulima aliyekuwa hapo alienda wapi? Wengine wanalima kipande cha maharagi kwa mwenye ferme na kulipa kwa siku za kazi. Wengine walipanda juu zaidi, wakafyeka. Wengine wanachoma makala ndani ya Virunga, na makala hayo ndiyo yanatupikia sombe hapa Goma. Ripoti itaandika kwamba mkulima mdogo ameharibu msitu. Hektari mia na mia zilizozungushiwa senyenge chini yake, zenye ng'ombe wachache au hakuna kabisa, haziandikwi.

Tunasema hivi tukijua neno ardhi Masisi limemwaga damu. Hatuzungumzi kabila. Wenye maferme makubwa wanatoka kila upande, hata ndani ya mavazi ya kijeshi na ya kisiasa, na mchungaji mwenye ng'ombe wawili anateswa sawasawa na mwenye jembe.

Kwa hiyo mradi wowote wa kaboni au wa malisho utakaoletwa kwetu, tutauliza kwanza orodha: kila ferme, hektari ngapi, hati ilitolewa mwaka gani, ng'ombe wangapi wako juu yake leo. Ofisi ya kadastri iitundike ukutani, kwa Kiswahili, watu wasome. Mwenye ng'ombe wawili asiguswe kabla ya orodha hiyo kutoka. Na kama kuna pesa ya kupunguza metani, ianze na dawa ya kupe, visima vya maji na majani ya kupanda kandokando ya mashamba.

Barua tumeshaiandika. Anayetaka kuweka saini aje na jina la kijiji chake, na kama anajua, jina la ferme inayopakana nacho.