Tairodi Iliyopinda Hainyooshwi

Kuna kauli utaisikia katika gereji yoyote ya Pemba, kuanzia Mkoani hadi Konde, na husemwa kwa fahari: fundi wa kweli hunyoosha, fundi mbabaishaji ndiye anayebadilisha. Madereva wanaiamini. Wenye gari wanaipenda kwa sababu inawaokolea fedha. Sisi abiria tumeimeza bila kuitafuna. Nasema kwamba kauli hiyo, ikishafika kwenye vyuma vya usukani, ni uongo wa hatari, na tunaoinyamazia tunaweka roho za watu rehani.

Pikapu kuukuu ndizo zinazobeba kisiwa hiki. Hilux na wenzake wa miaka ya themanini na tisini, waliotiwa mabenchi mawili na paa nyuma, ndio wanaochukua abiria, magunia ya karafuu wakati wa msimu, matenga ya samaki na wagonjwa. Chini ya injini ya gari hizi upo mlolongo wa vyuma unaopeleka amri ya dereva mpaka kwenye magurudumu. Upo mkono unaotoka kwenye stelingi boksi, mafundi wanauita pitimani. Kipo chuma cha kati kinachokwenda kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mkono mwengine unaokishikilia kwa upande wa pili. Halafu zipo tairodi mbili, kila moja na kichwa chake cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe chake, kikafungwa kwa nati na spilit pini. Mlolongo wenyewe ndio huo, wala hauna wa akiba. Breki ikifa, dereva ana hendibreki na gia. Tairodi ikikatika, gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe, na usukani alioushika mkononi hauna tena la kuliambia.

Vyuma hivi hupindwa na jiwe, shimo, kisiki, au ukingo wa mtaro pale gari inapopishana na lori kwenye njia nyembamba. Dalili zake kila dereva anazijua: gari inavuta upande, usukani umekaa mshazari na hali barabara imenyooka, tairi linalika upande mmoja. Hapo ndipo fundi anaitwa.

Itazame kazi yenyewe kwa karibu. Tairodi inafunguliwa, inatiwa moto wa gesi pale ilipopinda mpaka inakuwa nyekundu, inawekwa juu ya chuma kizito na kupigwa nyundo. Inamwagiwa maji ipoe haraka, maana abiria wanangoja. Kisha fundi anaibingirisha juu ya saruji ya baraza. Ikienda bila kurukaruka, uso wake unakunjuka: "Tayari, bwana, imerudi kama ilivyotoka Japani." Inapigwa rangi nyeusi, na ile buluu iliyoachwa na moto haionekani tena. Inafungwa, uzi unavutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kipimo kinakutwa sawa. Kila aliyesimama pale ameshuhudia kwa macho yake kwamba chuma kimepona.

Walichokishuhudia ni umbo tu. Uzi na saruji vinapima unyoofu, na unyoofu hausemi lolote juu ya nguvu iliyobaki ndani.

Mikono ya usukani hufuliwa kiwandani, ikatiwa moto kwa kipimo, ikapozwa ghafla, kisha ikatiwa moto tena, safari hii kwa joto dogo zaidi, ili ibaki ngumu bila kuwa nyepesi kuvunjika. Joto hilo la pili ndilo lililoipa tabia yake, na ukilipita umeifuta kazi yote ya kiwanda. Chuma kilichokuwa chekundu barabara mchana kweupe kimeshazidi nyuzi 600 za Selsiasi, na kikifika karibu na 727 hata mpangilio wake wa ndani unaanza kugeuka. Kikiachwa kipoe polepole, mahali pale panakuwa laini na patapinda tena kwa kishindo kidogo. Kikimwagiwa maji panakuwa pagumu lakini pakavu, na chuma kikavu hakitoi onyo la kupinda, kinakatika tu. Fundi aliyedhani amerudisha chuma kama kilivyokuwa amekigawa sehemu mbili zenye tabia mbili, na mpaka kati yao ndipo ufa unapopenda kuanzia.

Wapo wanaojitetea kuwa wao hawatii moto, wanatumia presi peke yake. Hiyo nayo haisaidii. Chuma kilichopinda kimeshavutwa upande mmoja na kubanwa upande wa pili kupita kiasi chake. Kukirudisha ni kukipinda mara ya pili, kinyume cha mwanzo. Vijiufa vinavyoachwa na mchezo huo havionekani kwa macho, sembuse chini ya grisi na kutu ya gari inayoishi karibu na bahari.

Halafu inakuja hoja inayopendwa kuliko zote: "Mbona gari ya fulani ilinyooshwa zamani na mpaka leo inatembea?" Jibu la hoja hii watu wengine walilipata kwa damu. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyojaa watu waliokuwa wakirudi Paris kutoka kwenye sherehe Versailles ilivunjika ekseli ya injini ya mbele. Mabehewa yakapandana na kuwaka moto, na zaidi ya watu 50 wakafa, akiwamo baharia na mvumbuzi Jules Dumont d'Urville pamoja na mkewe na mtoto wao. Ekseli ile ilikuwa ikitembea. Ilitembea mpaka dakika ilipokatika. Baadaye, katika miaka ya 1850 na 1860, mhandisi wa reli wa Kijerumani August Wöhler alizifanyia majaribio ekseli za treni na kuonesha kwamba chuma huweza kuvunjika kwa mzigo ambao kingeubeba mara moja bila taabu, ikiwa tu mzigo huo utarudiwa mara nyingi vya kutosha. Kwa maneno mengine, chuma huchoka, na kinapochoka hakilii. Kila shimo la barabarani linaivuta tairodi na kuisukuma. Alama moja ya nyundo juu yake yatosha kuwa mwanzo wa ufa, na ufa ule unakua kimya kimya, safari baada ya safari. Gari ya fulani inayotembea mpaka leo haijathibitisha kitu ila kwamba siku yake haijafika.

Kuna ujanja mwengine mbaya zaidi, kwa sababu hata nyundo hautumii. Tairodi ikipinda inafupika, na gurudumu linaangalia pembeni. Badala ya kuigusa tairodi, unazungushwa ule mrija wenye nyuzi unaounganisha tairodi na kichwa chake, mpaka urefu unarudi na gari inaacha kuvuta. Dereva anafurahi, lakini ndani ya mrija zimebaki nyuzi chache zinazoshikilia gurudumu zima. Na chini, penye nati ya kichwa, spilit pini iliyokatika wakati wa kufungua mahali pake umetiwa msumari uliokunjwa. Lala chini ya gari yoyote ya abiria unayopanda kila siku uangalie. Usikiri kitu mpaka umeangalia.

Mimi naisemea hasa Fundo. Kisiwa chetu kiko mbele ya Wete, na mtu wa Fundo anayekwenda hospitali ya Chake Chake au anayepeleka samaki mjini ana safari mbili ndani ya safari moja: ya mashua hadi Wete, kisha ya pikapu. Katika ile ya kwanza hatuna mzaha. Nahodha akiona rumada ya usukani imepasuka, chombo hakitoki, hata bahari iwe shwari na abiria wamejaa pwani. Hakuna anayemwambia aigonge nyundo kidogo tuondoke, wala anayemwita mbabaishaji kwa kutaka mpya. Wazee wetu wanajua kwamba chombo kisichoshika usukani kwenye mkondo ni jeneza. Basi kwa nini watu hao hao, wakishateremka Wete, wanapanda gari yenye usukani uliofuliwa gerejini bila hata kuuliza? Mkondo unakupa nafasi ya kutupa nanga. Mteremko wa Pemba wenye kona na mikarafuu pande mbili hautakupa.

Najua nitajibiwa nini. Kwamba fedha hakuna, kwamba spea iko Darajani au Kariakoo na mpaka ivuke bahari siku zimepita, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwamba spea mpya nyingi ni bandia, na chuma cha zamani cha Mjapani, hata kikiwa kimenyooshwa, kinashinda takataka iliyo ndani ya boksi linalong'ara. Hoja hii ya mwisho ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inawapoteza watu wengi. Spea bandia zipo, na Taasisi ya Viwango Zanzibar ina kazi ya kufanya bandarini. Lakini ubovu wa kitu cha dukani haukitengenezi kilicho gerejini. Kuna njia ya tatu: tairodi iliyotumika ikatolewa kwenye gari iliyovunjwa, haikupinda, haijaona moto, nyuzi zake nzima. Zinaingia kutoka Japani na Sharjah pamoja na injini na giaboksi kila leo. Ukaguzi wake ni wa dakika chache: isafishwe mpaka chuma kionekane, ibingirishwe juu ya kioo, itafutwe rangi ya moto na alama ya nyundo.

Na hao wenye gari wa njia moja, wanaokutana kituoni alfajiri na kuchangiana harusi na misiba, wanashindwa nini kuchangia sanduku la spea za usukani Wete na jengine Chake? Gari zao karibu zote ni za aina zile zile. Jozi mbili za tairodi, vichwa vyake na pakiti ya spilit pini zikiwa kabatini, hadithi ya fimbo ya mbali imekwisha.

Mafundi wetu nawaheshimu kwa dhati. Wamezifanya gari zilizotupwa na wenyewe ziishi miaka thelathini, wanafungua giaboksi chini ya mwembe na kuirudisha ikinguruma. Bampa wanyooshe, bodi wanyooshe, milango na bamba za nyuma wazigonge watakavyo, lakini vyuma vya usukani wasivinyooshe. Uingereza ilipoanza ukaguzi wa lazima wa magari ya zamani mwaka 1960 ilianza na vitu vitatu tu, breki, taa na usukani, na mpaka leo gari yenye kiungo cha usukani kilichopinda, kilichopasuka au kilichotengenezwa isivyofaa haipiti. Wakaguzi wetu nao walale chini ya gari kabla ya kupiga muhuri. Wakikuta rangi mpya nyeusi kwenye tairodi ya gari kuukuu, waikwangue.

Fundi naye, akishaifungua iliyopinda na kufunga nyengine, asiitupe nzima kwenye chuma chakavu, maana itaokotwa, itatiwa moto kwengine na kuuzwa kama iliyotumika. Aikate vipande viwili pale pale, mwenye gari akiangalia.