Kujisikia Mzima Si Ushahidi wa Figo Nzima

Msemaji mmoja mwenye sauti nzuri na hadhira kubwa, ambaye jina lake nalisetiri kwa heshima ya umri wake, alisimama karibuni mbele ya kipaza sauti katika maulidi mjini kwetu, akawaambia waliohudhuria kwamba mja mwenye siha njema akijipeleka maabara kupimwa figo huwa anakwenda kununua maradhi kwa fedha yake mwenyewe, kwa maana mwili, alisema, una ulimi wake, na figo ikiugua itasema. Watu wakacheka, wakaitikia. Na miongoni mwa walioitikia niliwaona wenye kisukari ninaowajua, na wenye shinikizo la damu ambao vidonge vyao vilikuwa mifukoni mwao wakati ule ule. Nimesikia upuuzi mwingi katika majlisi za mji huu nikanyamaza, lakini huu sitaunyamazia, kwa sababu upuuzi wa namna hii unaua.

Itikadi yenyewe ni kongwe, na karibu kila mmoja wetu amelelewa nayo: kwamba afya ni kutokuumwa, na kwamba aliyelala akaamka, akala akashiba, akafanya kazi yake bila kuhema, hana haja ya tabibu. Huenda itikadi hiyo ikamfaa mwenye jino bovu, kwa kuwa jino halimpi mwenyewe nafasi ya kulisahau. Kwa figo haifai hata chembe, na anayeihubiri hadharani ama hajui figo ni kitu gani, ama anajua akapenda makofi kuliko haki.

Namwomba kila anayeishika itikadi hiyo anijibu suala moja tu. Mwezi wa Novemba mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza katika nchi yetu, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Na tangu hapo wako miongoni mwetu watu waliojitolea figo moja kuwapa ndugu zao, wakapona majeraha ya kisu, wakarudi mashambani na maofisini mwao, wakila na kulala na kufanya kazi kama walivyokuwa wakifanya kwanza. Figo nzima imetolewa katika mwili, imekwenda kukaa katika mwili wa mtu mwingine, na aliyeitoa hasikii upungufu wowote kiunoni wala tumboni wala kichwani. Basi ikiwa mwili hauna uwezo wa kumwambia mwenyewe kwamba figo nzima haipo, utamwambia kwa njia gani kwamba robo ya hii na robo ya ile zimekufa? Ulimi huo aliousifu msemaji wetu uko wapi?

Jawabu ni kwamba haupo, na sababu yake inajulikana. Kila figo ina vichujio vidogo mno, wastani wa milioni moja, na figo mbili kwa pamoja huchuja yapata lita 180 za maji kutoka katika damu kwa mchana mmoja na usiku wake, kisha huyarudisha karibu yote mwilini, zikabakiza lita moja na nusu au mbili za kutoka kwa haja ndogo. Vichujio vikianza kufa kwa ukali wa sukari au kwa nguvu ya shinikizo la damu, vilivyosalia havilalamiki. Huichukua kazi ya wenzao waliokufa na kuiongeza juu ya kazi yao, navyo kwa kuzidiwa huko huchakaa mapema, na hali ikaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, mwenyewe akijiona buheri wa afya. Miguu inapovimba, ngozi inapowasha usiku kucha, kichefuchefu kinapomwondolea mtu hamu ya chakula na pumzi inapokuwa fupi, aghalabu sehemu kubwa ya figo imekwisha kuharibika, wala hakuna dawa itakayoirudisha.

Ninaye jirani, mwashi, mtu aliyekuwa akipanda ngazi na karai la zege begani mithili ya kijana, aliyejifakhiri kwa miaka kwamba hajui harufu ya hospitali. Alipoanza kuvimba miguu alisema ni kusimama sana. Alipoanza kutapika alisema ni chakula cha jana. Na alipochukuliwa hatimaye akiwa hajitambui, matabibu walikuta shinikizo la damu ambalo halikupimwa hata mara moja, na figo mbili zisizofaa kitu. Leo huunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kila wiki, muda wa saa nne kila mara, na kiwanja alichokusudia kuwajengea wanawe kimekwisha kuuzwa. Kuna siku gani, katika miaka yote ile ya kujisikia mzima, ambapo ule ulimi wa mwili ulimwambia neno?

Maabara ingalimwambia. Mwaka 1827 tabibu Mwingereza, Richard Bright, wa hospitali ya Guy's mjini London, alichapisha habari za wagonjwa waliovimba mwili, akaonyesha kwamba mkojo wao ulikuwa na albumini, aina ya protini ambayo huganda ikipata moto. Na kipimo cha zama zake kilikuwa ni kijiko cha mkojo juu ya mwali wa mshumaa. Karibu karne mbili zimepita tangu ulimwengu ujue kwamba figo mbovu hujulikana kwa kutazama mkojo, na sisi tungali tunasimama mbele ya vipaza sauti kuwacheka wanaokwenda kuutazama. Siku hizi hapana haja ya mshumaa: kijiti kidogo huchovywa mkojoni kikabadili rangi palipo na protini, na maabara iliyo kamili hupima uwiano wa albumini na kreatinini, ambao ukifika miligramu 30 kwa kila gramu moja ya kreatinini huwa ni onyo. Damu kidogo ya mkononi nayo huonyesha kiasi cha kreatinini, taka itokayo katika misuli, ambacho kwa kukijumlisha na umri na jinsia ya mtu hutoa kiwango cha uchujaji wa figo. Na kiwango hicho kikiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, ugonjwa umethibiti, hata kama mwenyewe yuko harusini anacheza.

Wapinzani wangu hawakosi hoja, na hoja yao kuu ni babu. Babu yetu, husema, aliishi miaka tisini hajapimwa chochote. Husema hivyo kwa sababu babu aliyeishi tisini yupo wa kusimuliwa, ilhali wale waliovimba wakafa na arobaini na tano walisemwa kuwa wamerogwa, na majirani wasio na hatia wakatupiwa lawama ya uchawi kwa maradhi ambayo kijiko na mshumaa vingaliyafichua. Wengine hujikinga kwa madafu, maji ya shayiri na mizizi iliyochemshwa, wakidai kwamba hivyo huosha figo. Nami nauliza, aliyeosha amejuaje kwamba pametakata, naye hakutazama kabla wala baada? Na wale wanaosema kwamba kupima ni kuyaita maradhi, kila usiku hufunga milango yao kwa komeo mbili, wala sijamsikia hata mmoja akidai kwamba komeo ndizo zilizomwita mwizi.

Wala siwezi kupita hapa bila kuwataja wenye maduka wanaouza diklofenaki na vidonge vingine vya maumivu kwa mafungu, bila cheti na bila suala, kwa wachukuzi, wakulima na wazee wenye magoti mabovu, ambao huvimeza kila siku mwezi hata mwezi, ilhali dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo na zaweza kuiangamiza figo iliyokwisha kudhoofika. Wala siwezi kuisamehe jamii yetu hii inayounda kamati na kuchanga mamilioni kwa ajili ya harusi ya usiku mmoja, kisha mama wa bwana harusi, mwenye kisukari cha miaka mingi, akaambiwa kwamba fedha ya kipimo cha mkojo haijapatikana.

Kuna utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro ukachapishwa mwaka 2015, ambao watafiti wake hawakungoja wagonjwa waje hospitali bali waliwafuata watu majumbani. Waliwakuta wenye ugonjwa sugu wa figo kuwa asilimia 7, na katika upande wa mjini pekee asilimia 15. Na katika hao waliokutwa nao, aliyekuwa akijua kwamba anaumwa ni yapata mmoja katika kila kumi. Wale tisa waliobaki walikuwa wakijidhania wazima. Kama msemaji wetu angaliwauliza, wote tisa wangaliitikia na kucheka pamoja naye.

Nao wenye maabara wasidhani kwamba nimewasahau. Wako wanaompima mtu kreatinini peke yake, wakaandika kwamba iko katika mipaka ya kawaida, wakamrudisha nyumbani na furaha ya bure, ilhali uchujaji waweza kupungua hadi karibu nusu kabla tarakimu hiyo haijavuka mpaka. Na ajuza mwembamba ambaye misuli yake imenyauka anaweza kuwa na tarakimu nzuri juu ya figo dhaifu. Cheti kisichoonyesha kiwango cha uchujaji, na kilichoacha mkojo bila kutazamwa, ni nusu ya kazi kwa malipo kamili, na mlipaji ana haki ya kudai nusu iliyobaki.

Ugonjwa ukijulikana mapema, si hukumu ya mauti. Tangu mwaka 1993 imethibiti kwamba kaptopili, dawa ya shinikizo la damu, huchelewesha kuharibika kwa figo za wenye kisukari, nazo enalapili, dawa ya jamii yake, na losatani, inayokaribiana nayo kwa kazi, zimo katika maduka yetu. Na tangu mwaka 2019 zimethibiti dawa nyingine mpya zinazoongeza miaka ya uhai wa figo. Lakini dawa hizo zote huhifadhi kilichopo; kilichokwisha kufa hazikifufui. Kwa hiyo kila mwenye kisukari, kila mwenye shinikizo la damu, kila aliyefiwa na mzazi au ndugu yake kwa maradhi ya figo, na kila anayemeza vidonge vya maumivu kwa mazoea, aende maabara mwaka huu na kila mwaka, atoe mkojo na damu, asiondoke dirishani mpaka ameambiwa kiasi cha albumini na kiwango cha uchujaji. Na atakayemwambia kwamba hana haja kwa kuwa anajisikia mzima, amjibu kwamba hata aliyetoa figo yake nzima anajisikia hivyo hivyo.