MITI YA MATUNDA YA ULUGURU ISIACHWE IKAFA

Kila mwaka masika yanapokaribia, viongozi hushika majembe, miche hupandwa, na hesabu yake hutangazwa. Jambo hilo ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini hesabu ya miche iliyopandwa si hesabu ya miti iliyoishi. Tena hakuna anayeihesabu miti mikubwa iliyopandwa na wazee wetu, ambayo leo inakufa mbele ya macho yetu.

Mtu akitoka Morogoro mjini akapita Mkuyuni hata Kinole, au akashika njia ya Matombo, ataona miembe, michungwa na mifenesi imezunguka nyumba za watu. Akipanda Mgeta ataona mifyulisi na miplamu. Lakini akitazama vema ataona pia matawi makavu yasiyokatwa, mimea inayonyonya imeota juu ya matawi mabichi, na matunda yameoza chini. Humo ndimo azaliamo nzi wa matunda aliyetoka Asia, aliyeonekana Afrika ya Mashariki mwaka 2003. Mwenye mti asemapo kwamba umezeeka, aghalabu haukuzeeka, umetelekezwa. Kisha huja mchoma mkaa, na mti uliolisha vizazi viwili huishia katika gunia.

Tusiwalaumu wakulima kwa haraka. Vijana wameteremka mjini kutafuta mshahara. Mchuuzi hununua matunda yakiwa bado mtini, naye hana haja na mti mwenyewe. Kadhalika, kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, nao ukoo hufuata upande wa mama. Kupanda mti wa kudumu ni kama kudai shamba. Kwa hiyo yeye akaaye katika ardhi ya ukoo wa mkewe huogopa kuugusa mti, na mjomba mwenye haki huenda anaishi Dar es Salaam. Mti wa wote umekuwa mti usio na mwenyewe.

Wako watakaosema: basi na itolewe amri. Hao wamesahau mwaka 1955. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Nia iliyotajwa ilikuwa kuzuia mmomonyoko. Lakini wakulima hawakushauriwa, na mahali pengi udongo mzuri ulifukiwa ukabaki udongo dhaifu juu. Watu walikataa, ghasia zikazuka Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. TANU ilipata nguvu milimani kwa sababu ilisimama na wakulima. Chama kilichozaliwa na TANU hakiwezi kurudia njia ya mkoloni, hata kwa jambo lenye manufaa.

Njia iliyo sawa ni kuonyesha kwa vitendo. Mwembe upogolewe baada ya mavuno, kabla masika hayajapamba moto. Yaondolewe kwanza matawi makavu na yenye ugonjwa, kisha yale yanayosuguana, hata jua lipenye katikati. Mti ulioachwa muda mrefu usikatwe wote kwa siku moja. Kazi hiyo igawanywe katika miaka miwili au mitatu, ili usipate mshtuko. Samadi iwekwe chini ya ncha za matawi, si kwenye shina. Matunda yaliyoanguka yafukiwe mbali chini. Chungu wa maji moto wasichomwe ovyo, kwani huwafukuza nzi hao. Na mwembe wenye matunda duni waweza kukatwa juu, ukaachwa uchipue, na machipukizi yakabebeshwa vikonyo vya aina bora.

Maarifa hayo hayako mbali. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kipo Morogoro tangu mwaka 1984, chini ya milima hiyo hiyo. Matawi ya Chama na yaombe wataalamu wapande vijijini, na shamba la kiongozi liwe la kwanza kupogolewa. Kuhusu haki, mabaraza ya vijiji, yaliyopewa usimamizi wa ardhi kwa Sheria ya mwaka 1999, yawakutanishe wazee wa koo na wanaokaa mashambani, wakubaliane kwamba anayeutunza mti atapata sehemu ya matunda yake, bila ardhi kubadili ukoo.

Wafanyakazi wa mjini nao wanahusika. Matunda yaliyoko Soko Kuu la Chifu Kingalu hayakuota sokoni. Na maji ya Mto Ruvu yanywewayo Dar es Salaam hutoka milimani, ambako mizizi ya miti hiyo hushika udongo. Mfanyakazi mwenye nyumba ya wazazi Uluguru, akienda likizo, achukue msumeno pamoja na zawadi.

Mwaka 1972, huko Iringa, TANU ilitamka kwamba siasa ni kilimo. Mwaka huu viongozi watakaposimama kutangaza miche mipya, wananchi na wawaulize pia: ile ya wazee mmeipogoa mingapi?