Bibi Mkristo na Wajukuu Waislamu

Bi harusi ukiolewa Ujiji, hasa na mume aliyesilimu, usishangae kukuta mama mkwe ni mzee wa kanisa. Mji ule ulijengwa na misafara iliyotoka kwetu pwani, Uislamu ukakaa. Wamisionari wa London wakafika 1878, Mapadri Weupe 1879. Leo ukoo mmoja unaweza kuwa na Mwanaidi na Maria, na wote wanazikana.

Kinachoniudhi ni bibi kunyimwa wajukuu eti atawabatiza. Mwanamke huyo Jumapili asubuhi yuko kanisani, akitoka anapita kwa wagonjwa, halafu hamu yake ni moja tu: watoto wa mwanawe wamzunguke, awakaangie migebuka kwa mawese. Hilo nalo ukamnyime?

Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake Madina, naye ni mshirikina. Akamuuliza Mtume (S.A.W.) kama aunge naye udugu. Akaambiwa ndiyo, aunge. Sembuse huyu wa Ahlul Kitab, aliyemzaa mumeo?

Mipaka iwepo, na mumeo ndiye amwambie mama yake, kwa adabu: watoto waende baada ya adhuhuri, ibada ikiwa imekwisha, na kitimoto kisiguse sufuria yao. (Wengi wao wanajua, wanakuwa waangalifu kuliko sisi.) Na Idi ikifika, sahani ya kwanza ya pilau iende kwake, wajukuu ndio waipeleke, ingali moto.