Ujue Mwamba Kabla ya Kuita Mtambo

Mkulima wa skimu, huenda mwaka huu umeweka akiba ya fedha za maziwa, au umekopa katika chama cha ushirika, kusudi uchimbiwe kisima nyumbani. Ni jambo jema. Mama wa nyumba atapumzika kubeba mitungi, na ng'ombe asiyekunywa maji ya kutosha hatoi maziwa. Lakini shimo kavu laweza kula fedha hizo zote kwa siku mbili, na deni likabaki miaka. Nami nasema wazi kwamba wakulima wengi huifanya kazi hii kinyumenyume. Hutafuta mtambo kwanza, kisha huonyesha mahali karibu na lango, na mwisho, shimo likitoa vumbi, ndipo huuliza chini kuna nini.

Watu husema kuna mito ipitayo chini ya ardhi, na kwamba mzee mwenye kijiti cha panda aweza kuifuata. Sivyo. Mara nyingi maji hukaa katika nyufa za mwamba, au katika mchanga na changarawe, kama maji uliyoyamwaga katika debe la kokoto. Mwenye kijiti akiyapata, yamkini yangepatikana hata hatua kumi kutoka hapo. Asipoyapata, huwa amekwisha kupewa kuku wake.

Wenzetu wa Machakos na Kitui, na wengi walio kandokando ya Kitale, wamekaa juu ya mwamba wa kale sana, mgumu. Maji ya huko hukaa katika tabaka la juu ambalo limeoza kwa muda mrefu, na katika nyufa chache zilizo chini yake. Mtambo ukiisha kulipita tabaka hilo, ukawa wasaga mwamba mzima, mkavu, mita baada ya mita, yafaa kusema "basi" mapema.

Nyandarua, Nakuru na Uasin Gishu mambo ni mengine. Huko lava ilimwagika mara nyingi, na kati ya mwago na mwago palikuwa na muda mrefu. Udongo ukapata kufanyika, mito ikaacha mchanga, kisha lava nyingine ikavifunika vyote. Tabaka hizo zilizofunikwa ndizo zishikazo maji. Mtambo waweza kusaga lava kavu kutwa nzima, kisha ukayakuta maji chini yake. Hapa mwenye kusema "basi" mapema huyaacha maji yake palepale. Kwa hiyo shauri lililomfaa shemeji yako wa Machakos laweza kukutia hasara wewe wa Ol Kalou.

Tena, katika Bonde la Ufa ardhi imekatika na kushuka kama ngazi. Jirani aliye ng'ambo ya mkatiko aweza kuwa na maji kwenye mita 80, nawe ukapita mita 200 bila kuyaona. Usiseme, "Kwa fulani yalitoka, hata kwangu yatatoka."

Na yakitoka, kazi haijaisha. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hutia floraidi katika maji. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi vya Nakuru na Naivasha hupita kiasi hicho. Huwezi kuijua kwa jicho wala kwa ulimi, maana maji ni meupe na ladha yake ni njema. Atakayeionyesha ni mtoto wako. Meno yake ya ukubwani hufanyika ndani ya ufizi wakati yeye anayanywa maji hayo, nayo yatatoka na madoa ya kahawia asiyoweza kuyasugua. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kuuma. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo. Maji hupungua sufuriani, floraidi hubaki. Vichungi vya mkaa wa mifupa vimetumika Nakuru na vinafaa, ila mkaa huo huchoka na sharti ubadilishwe. Kwa maoni yangu, mwenye maji ya namna hiyo na ayatumie kwa kufua na kuoshea vyombo, na watoto wanywe maji ya mvua yaliyovunwa kutoka kwenye mabati.

Sheria ya Maji ya 2016 yataka upate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba kisima cha mtambo. Wengine huona upimaji na kibali kuwa karatasi za ofisini tu. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa malipo ya mpimaji ni madogo yakilinganishwa na ya mtambo. Lakini uwepo mwenyewe siku ya kupima, uone vyombo vikitandazwa katika shamba lako. Ripoti ya mtu ambaye hakukanyaga shamba lako haina kazi.

Mwenye mtambo kwa kawaida hulipwa kwa mita, kwa hiyo kina ni faida yake. Patana naye kwa maandishi ni nani atakayesema "simama", na afadhali awe mpimaji. Wala usidharau kisima kidogo. Watu 8 wakitumia lita 50 kila mmoja, na ng'ombe 5 wakinywa lita 80 kila mmoja, jumla ni lita 800 kwa siku. Kisima kitoacho lita 1,000 kwa saa hutimiza hayo kabla ya saa moja kwisha. Mwenye kutaka zaidi kwa ajili ya kunyunyizia mboga na aungane na majirani, wachimbe kimoja na kuweka mita.

Jambo moja hunichukiza. Kila nyumba huficha habari za shimo lake, hasa likiwa kavu, kana kwamba ni aibu. Chama cha ushirika na kiwe na daftari la visima vyote vya skimu. Mtambo ukichimba, fundi na amwage vumbi la kila mita mbili juu ya gunia, kwa mafungu, na karani aandike rangi yake, mahali ambapo mwamba ulibadilika, mita ambayo maji yalionekana, lita zilizopimwa kwa saa 24 za kupampu, na floraidi iliyoonekana maabara. Mashimo makavu yaandikwe kwanza.