KENGELE YA MOTO KATIKA MABWENI YETU NI AMANA

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeona tuzungumze nanyi jambo ambalo si kawaida kulisikia katika mimbari zetu, nalo ni kengele ya moto katika majengo ya shule, hususan mabweni ya shule na madrasa zinazosimamiwa na taasisi zetu wenyewe.

Sababu ya kulileta ni hii. Hivi karibuni tulialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari moja hapa Dodoma. Jengo lao ni la ghorofa, na mjenzi aliliwekea mfumo kamili wa kengele ya moto. Darini mna vitambua-moshi, ukutani mna vitufe vyekundu vyenye kioo cha kuvunja, na karibu na ofisi kipo kisanduku kinachoongoza mitambo yote. Lakini katika kisanduku hicho ilikuwa ikiwaka taa ya manjano, ambayo ni ishara ya hitilafu. Tulipouliza, tukaambiwa inawaka tangu muhula uliopita. Tukamuuliza mwanafunzi mmoja kazi ya kile kitufe chekundu. Akajibu kwa adabu, "Tumekatazwa kukigusa, ustadhi." Mlango wa pili wa bweni ulikuwa na kufuli, na mlezi mwenye ufunguo hulala jengo jingine.

Ndugu zetu, jengo lile lina kengele, lakini watoto waliomo hawana ulinzi.

Wala hatuzungumzi jambo la kudhania. Mwezi Juni 1994 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua usiku na wasichana wasiopungua 40 wakafariki. Mwezi Agosti 2009 wasichana 12 walifariki katika moto wa bweni la Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, na ikaelezwa kuwa chanzo kilikuwa mshumaa. Tarehe 14 Septemba 2020 msiba ukaingia nyumbani kwetu kabisa: watoto 10 walifariki bwenini katika Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Kwa jirani zetu wa Kenya, wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos, Machi 2001, katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Septemba 2024 wakafariki wanafunzi 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Tunawaombea wafiwa wote subira.

Ukiyatazama matukio haya utaona jambo moja linalojirudia: moto huja watoto wamelala. Na aliyelala haamshwi na harufu, kwani pua nayo hulala pamoja na mwenyewe. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, na mara nyingi moshi huo huua kabla mwali haujamfikia mtu. Sikio, kwa rehema za Allah, hubaki na uangalizi kuliko pua. Hii ndiyo hekima ya kengele: kitambua-moshi hunusa kwa niaba ya aliyelala, kisha humpigia ukelele. Hakizimi moto. Kinachotoa ni dakika chache tu, na dakika hizo hazina faida yoyote ikiwa mlango umefungwa kwa kufuli.

Wako wanaosema, "Ajali ni kadari ya Allah, kengele itazuia nini?" Tunawajibu kwa Sunna. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku juu ya watu wake. Mtume (S.A.W.) alipopata habari hakusema ni kadari akanyamaza. Aliwafundisha kuwa moto ni adui yao, na akawaamuru wauzime wanapokwenda kulala. Katika Hadithi ya Jabir (R.A.) akaeleza hata namna hatari inavyokuja, kwamba panya anaweza kuuburuta utambi wa taa na kuwaunguza watu wa nyumba. Basi ikiwa Mtume wa Allah alishughulika na panya na utambi, sisi tutajivua vipi katika suala la nyaya zilizochunika, chaja zilizorundikwa kwenye soketi moja, na mishumaa ya kujisomea chini ya vitanda?

Mafaqihi wetu wameeleza kuwa aliyewekewa amana halipi ikiharibika bila kosa lake, lakini akizembea hulipa. Mtu akikuwekea gunia la uwele ukaliacha mvuani, huwezi kumwambia ni kadari. Je, mzazi aliyemtoa mwanawe Kondoa au Mpwapwa akamkabidhi mikononi mwako, amekukabidhi kitu duni kuliko gunia la uwele?

Liko hoja jingine linalotuhusu sisi zaidi, nalo ni stara. Wazazi wa mabinti hutaka milango ya mabweni ifungwe na madirisha yawe na nondo, na haki yao ya kuwahofia mabinti zao haipingiki. Lakini tukumbuke yaliyotokea Makka Machi 2002, ulipozuka moto katika shule ya wasichana na 15 wakafariki. Magazeti ya huko yaliandika kuwa wapo waliowazuia mabinti kutoka kwa sababu hawakuwa wamevaa mabaibui, na wakubwa wakakanusha. Hata tukiliacha hilo, uchunguzi wa serikali ulionesha kuwa jengo lilisongamana, na halikuwa na mitungi ya kuzimia moto wala kengele. Mwaka huohuo usimamizi wa shule za wasichana ukahamishiwa Wizara ya Elimu. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya Sharia, na dharura huhalalisha lililokatazwa. Stara inayomfungia binti ndani ya moto si stara. Uwekwe mlango unaofunguka kwa ndani bila ufunguo na usiofunguka kwa nje, hapo stara na uhai vyote vitakuwa vimehifadhiwa.

Mahujaji wetu ni mashahidi wa funzo jingine. Mwaka 1997 moto uliteketeza mahema ya Mina na mahujaji zaidi ya 340 wakafariki. Baada yake yalijengwa mahema ya kitambaa kisichoshika moto kwa urahisi, yenye kengele na mabomba ya kunyunyiza maji. Anayelala Mina leo analala chini ya matunda ya funzo lile.

Sisi wa nyanda hizi za kati tuna sababu ya ziada ya kujihadhari. Kiangazi chetu ni kirefu, upepo ni mkali, nyasi hukauka mpaka mlangoni, na shida ya maji ya Dodoma inajulikana na kila mtu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, lakini shule iliyoko kijijini isitegemee kuwa gari litafika kabla ya moshi kumaliza kazi yake. Watakaookoa watoto wale ni wale walio pale pale usiku ule.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa kamati za misikiti na wasimamizi wa shule mambo yafuatayo. Kwanza, lililopo lifanye kazi: betri zibadilishwe, kengele ijaribiwe kila mwezi, na taa ya hitilafu isilale bila fundi kuitwa. Pili, bweni lisilo na mfumo liwekewe walau vitambua-moshi vya betri, na jikoni kiwekwe cha joto, kwani cha moshi kitalia kila ugali ukisongwa mpaka mtu achoke akitoe betri. Tatu, shule isiyoweza hata hilo isikae mikono mitupu. Ile rimu ya gari inayoning'inia mtini kuita darasani inatosha kuwa kengele ya moto, maadamu yupo mlinzi aliye macho usiku kucha na watoto wanaijua sauti yake ya hatari. Nne, kila muhula watoto waamshwe usiku wafanye zoezi la kutoka, wahesabiwe uwanjani kwa majina. Tano, kufuli zote za nje ziondolewe leo, kwa sababu hilo halina gharama.

Na tunapokusanya michango ya zulia jipya au mnara mrefu zaidi, tuulizane kwanza kama watoto wanaohifadhi Qur'ani katika bweni la msikiti huo wana kitu cha kuwaamsha. Allah ametufundisha katika Suratul-Maida kuwa mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote.

Tunamuomba Allah awarehemu watoto waliotangulia, awape subira wazazi wao, na atujaalie tuwe wenye kuzitekeleza amana kabla ya kuulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.