Kura Yako Si Mchango wa Harusi

Mwezi huu naweka pembeni mapenzi na mavazi. Nazungumzia urafiki, hela na kura. Najua unasema, "Ah, mhariri naye kaingia siasa!" Subiri kwanza.

Wiki chache zilizopita simu yangu iliita saa kumi na moja alfajiri. Si unajua tena, simu ya saa hizo ni msiba. Kumbe ni shosti wangu niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anaishi Los Angeles, Marekani, akifanya kazi ya kuhudumia wazee. Kule kwao ndiyo kwanza saa moja jioni ya jana yake. "Shoga, samahani kukuamsha. Nina kura moja na sijui nimpe nani."

Mimi nikajua ni habari ya wanaume wawili. Wapi!

Iko hivi. Jijini kwao kuna mtindo wa kugawa ruzuku kwa kura za wakazi. Taasisi inatenga fungu, vikundi visivyotafuta faida vinaandika maombi: sisi tutapanda miti, sisi tutafundisha watoto kusoma. Wakazi wanasoma, wanapiga kura. Shindano moja linalojulikana sana kule ni LA2050, la Goldhirsh Foundation. Mwaka 2013 lilitoa dola milioni 1 kwa vikundi 10, kila kimoja dola 100,000, kura za watu zikisaidiana na jopo la waamuzi.

Na hata hela za serikali zinagawiwa kwa mtindo unaofanana na huo. Porto Alegre, Brazil, wakazi walianza kuamua sehemu ya bajeti ya jiji lao mwaka 1989. New York walianza 2011, Paris 2014. Tena Paris mtoto wa miaka 7 anapiga kura, na hakuna anayekuuliza una pasi ya nchi gani.

Turudi kwa shosti. Kila Jumamosi anajitolea kupika kwenye kikundi kidogo kinachowapelekea wazee chakula majumbani. Kiongozi wake ni mama mmoja wa makamo aliyempokea kama mwanawe alipofika kule hajui mtu. Kikundi kikaingia kwenye shindano la namna hiyo, kila mkazi kura moja. Mama akamwambia, "Mwanangu, waambie na Waswahili wenzako wote." Akaitikia, bee mama.

Usiku akakaa apige kura. Kabla ya kubonyeza, akasoma na maombi ya wengine. Hapo ndipo alipokwama. Kulikuwa na kikundi kinachowatafutia watu wanaolala ndani ya magari mahali salama pa kuegesha usiku, penye choo na mlinzi. Usidhani ni watu wachache. Hesabu ya mwaka 2024 ilikuta watu zaidi ya 75,000 wasio na makazi katika kaunti ya Los Angeles, na baadhi yao usiku nyumba yao ni gari.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Ndoa yake ilipovunjika, alilala ndani ya gari wiki sita. Zile barua pepe za "niko poa shosti, msalimie mama" alikuwa ananiandikia akiwa kiti cha nyuma, koti ndiyo shuka. Jamani, nililia.

Lakini bado nikamwambia, "Mpe mama yako kura. Aliyekushika mkono humwachi." Ndivyo tulivyolelewa. Ni kama mchango wa harusi: unatoa kwa sababu na yeye alikuchangia, huulizi pilau lake litakuwaje. Mwaka 2007 Richard Bezuidenhout aliposhinda Big Brother Africa na kuondoka na dola 100,000, tulishangilia kwa kuwa ni Mtanzania mwenzetu. Basi, yakaisha.

Shosti akanijibu taratibu: "Ule ulikuwa mchezo, shoga. Hapa atakayekosa hizi hela kuna mtu analala barabarani."

Nikakosa la kusema. Kasoro ya kura hizi ndiyo hiyo: mwenye marafiki wengi ndiye anayeshinda. Sasa mtu anayelala kwenye gari, anayeficha hata kwa rafiki yake wa chuo, atamwomba nani kura? Ndiyo maana mashindano mengine yanaweka na jopo. Ila jopo nalo mara nyingi ni watu wa ofisini, hawajawahi kuoga kwenye choo cha kituo cha mafuta. Kura ya mkazi ina maana pale anapoweka ndani yake kile anachokijua yeye. Shosti alikuwa anajua. Kuipiga kwa kulipa fadhila kungekuwa kuutupa ujuzi huo.

Akawapa wa magari. Halafu, hapa ndipo nilipomvulia kofia, hakujificha. Jumamosi alimwambia mama usoni, wakimenya viazi. Mama akanyamaza mpaka viazi vikaisha. Kisha akauliza, "Wiki sita? Mbona hukuniambia wakati nina chumba?"

Matokeo hayajatoka ninapoandika haya. Jumamosi bado wanapika pamoja, ingawa ananiambia mama hajachangamka kama zamani. Itachukua muda.

Mpenzi msomaji, hata kwetu kura za namna hii zipo: kwenye mkutano wa mtaa tukichagua kati ya kisima na barabara, kwenye kamati ya shule, hata kwenye kikundi chako cha kuweka na kukopa. Mara ngapi umenyoosha mkono kwa sababu shoga yako kanyoosha? Safari nyingine, kabla ya kusambaza ule ujumbe wa "jamani tupigieni kura", sikiliza au soma hoja mbili za wengine. Kama rafiki unamdai shukrani au anakudai, mlipe kwa mikono yako: kapike, kafagie, kachangie. Na kama kura yako imekwenda kwingine, mwambie mwenyewe asije akasikia kwa watu.

Tukutane mwezi ujao.

Mhariri wako